Namna ya kuzuia betri za gari la malazi zisichajiwe kupita kiasi

Msafiri wa Kampemba (Lubumbashi)

Ndugu mafundi, ninaomba ushauri wenu. Nina basi dogo nililolitengeneza kwa kuweka kitanda, friji ya volti 12, taa na pampu ya maji, kwa sababu kazi hunipeleka Likasi na Kolwezi na huko hulala humo humo garini. Ninapokuwa nyumbani, gari hukaa uani likiwa limechomekwa kwenye umeme wa mji, na chaja ya zamani ya transfoma hulisha betri mbili za asidi za Ah 100 (ampea-saa 100) kila moja, zilizofungwa chini ya kitanda. Tangu nianze kuliacha hivyo kwa wiki nyingi mfululizo, maji ya betri yanapungua upesi, na nikifungua mlango asubuhi ninasikia harufu ya yai bovu. Jirani anasema niweke saa ya kukata umeme ili chaja ifanye kazi saa chache tu kwa siku. Je, hiyo inatosha?

Fundi wa Himbi (Goma)

Papa, kabla ya kuzungumzia saa, chomoa chaja ukutani leo hii, fungua milango yote, na usiguse nyaya za betri wala swichi ya taa ya ndani mpaka hewa ibadilike. Harufu hiyo ni ya salfidi ya hidrojeni, ambayo ni sumu, na pamoja nayo hutoka hidrojeni yenyewe, ambayo inaweza kulipuka ikifikia asilimia 4 tu ya hewa. Nawe kitanda chako kiko juu yake.

Betri ya asidi ya volti 12 iliyojaa na kupumzika huonyesha volti 12.6 au 12.7. Ili ijae, chaja huipandisha hadi volti 14.4 hivi, na hapo maji yaliyomo huanza kugawanyika kuwa hidrojeni na oksijeni. Kwa saa chache hakuna ubaya. Ubaya ni kubaki hapo baada ya betri kujaa, kwa kuwa umeme unaoendelea kuingia hauna tena pa kuhifadhiwa, ukabaki kupasua maji na kula madini ya risasi ya mabamba chanya yaliyo ndani ya betri. Chaja ya hatua, yaani ile inayobadilisha volti zake kwa hatua kadiri betri inavyojaa, ikiona mkondo umepungua, hujishusha yenyewe hadi volti 13.5 au 13.6, kiwango ambacho betri inaweza kukaa nacho muda mrefu huku friji ikiendelea kulishwa. Chaja yako haijui kufanya hivyo, na zaidi ya hapo, nyingi za aina hiyo hazina kidhibiti chochote: umeme wa ukutani ukipanda usiku, watu wakishazima majiko yao, volti zinazofika kwenye betri nazo hupanda. Gari likishapata hewa, pima mchana, kisha upime tena saa tano usiku, ukiwa umesimama hapo hapo na milango ikiwa wazi.

Saa ya jirani yako haijui kama betri imejaa au la. Umeme usipokuja katika saa ulizopanga, friji itamaliza betri, na siku ambayo betri imejaa itachemshwa vilevile.

Mama wa Kadutu (Bukavu)

Ninakubaliana na fundi, ila asinunue chaja yoyote tu kwa kuwa imeandikwa kuwa ni ya hatua tatu. Kwetu umeme hukatika na kurudi mara kadhaa kwa siku, na chaja nyingi huanza upya kutoka hatua ya kwanza kila umeme unaporudi, hivyo betri iliyojaa hupandishwa tena na tena hadi volti 14.4. Atafute ile ambayo humaliza hatua ya juu kwa kupima mkondo badala ya kuhesabu muda. Kwa betri zake mbili zilizounganishwa sambamba, mkondo ukishuka hadi ampea 2 au 4, kazi imekwisha.

Iwe pia na kihisi joto cha kubandika kwenye betri. Sisi wa Bukavu na Goma tunaweza kukidharau, lakini gari lililofungwa Lubumbashi mwezi wa Oktoba ni jambo jingine: kwa kila nyuzi 10 juu ya 25, volti za kuchajia zinapaswa kushuka kwa 0.2 hivi.

Kijana wa Ruashi (Lubumbashi)

Mimi ningetupa hizo zote na kuweka lithiamu.

Fundi wa Himbi (Goma)

Akiiweka kwenye chaja hiyo hiyo, atapoteza betri ya bei kubwa zaidi. Lithiamu nayo haipendi kukaa imejaa wiki nzima.

Msafiri wa Kampemba (Lubumbashi)

Nimepima: mchana volti 14.2, usiku 15.3. Chaja nimeiondoa kabisa. Nifanye nini mpaka nipate nyingine?

Fundi wa Himbi (Goma)

Volti 15.3 zinaeleza kila kitu. Zima friji, fungua waya hasi, na uziache betri zipumzike, kwani betri nzima ya asidi hupoteza sehemu ndogo tu ya chaji yake kwa mwezi. Zikishuka chini ya volti 12.4, zichaji mchana nje ya gari, ukiwepo na kipimo mkononi, na uchomoe zikifika 14.4. Maji yaliyotoneshwa (maji safi ya betri, yasiyo na madini) yaongezwe baada ya kuchaji. Kabla ya hapo ongeza tu kama mabamba yameachwa wazi, na kiasi cha kuyafunika.