Kujifunza Kiitaliano ukiwa Italia peke yako: nianze na nini nikiwa bado Mtwara?

Binti wa Mikindani

Salaam wadau. Mwakani nakwenda Italia kusoma Kiitaliano, kozi ya zaidi ya miezi mitatu, na siku za mapumziko nataka kuzunguka mwenyewe kwa treni na mabasi. Kule sina ndugu wala mwenyeji. Programu nyingi za kwenye simu zinafundisha kupitia Kiingereza, na mimi Kiingereza changu ni cha kuokoteza. Naomba wanaoijua lugha na nchi yenyewe wanisaidie: nianze na kipi huku nyumbani, nichague mji wa aina gani, na ni mambo gani humkwamisha mtu aliye peke yake? Mimi ni Muislamu, situmii nguruwe wala pombe. Majibu yakiwa marefu nitayasoma yote.

Mwalimu wa Masasi

Karibu sana, dada. Kiingereza cha kuokoteza kisikutishe, kwa sababu kwa kazi hii hukihitaji. Mambo mengi ya Kiitaliano yako karibu na Kiswahili kuliko Kiingereza, na anayetoka Kiswahilini moja kwa moja anafika mapema.

Angalia: ho fame ni "nina njaa", neno kwa neno. Ho sete, nina kiu. Ho trent'anni, nina miaka thelathini. Anayetafsiri kutoka Kiingereza anasema sono fame ("mimi ni njaa"), kosa ambalo wewe huna sababu ya kulifanya. Mtendwa naye hutangulia kitenzi kama kwetu: nakuona ni ti vedo, nimekinunua ni l'ho comprato. Na majina yana makundi yanayovuta sifa, kitu tulichokulia nacho kwenye ngeli: kitabu kipya, vitabu vipya, libro nuovo, libri nuovi. Tofauti ni kwamba sisi tunabadilisha mwanzo wa neno, wao wanabadilisha mwisho. Parlo, nasema, parli, unasema, parla, anasema. Kwa hiyo usimeze irabu ya mwisho hata kidogo. Ukiimeza, msikilizaji hajui nani kafanya nini.

Irabu zao zitakuwa rahisi kwako. Mtego wa kwanza uko kwenye maandishi. Kwao ch ni k: chiave (ufunguo) hutamkwa "kyave", chi ni "ki". Sauti yetu ya ch wao huiandika c mbele ya i au e: cena ni "chena", ciao ni "chao". Sc mbele ya i au e ni sh, hivyo pesce (samaki) ni "peshe". Gn ni ny yetu: bagno ni "banyo". H haitamkwi kabisa. Ho ni "o". Andika haya kwenye karatasi na usome kwa sauti mpaka jicho lako liache kusoma chiesa kwa ch ya chai.

Mtego wa pili ni mkazo. Kiswahili kinakaza silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila mara, na Kiitaliano hufanya hivyo mara nyingi, lakini si zote. Majina ya miji ndiyo yatakukwamisha dirishani kwa mkata tiketi: ni NApoli, GEnova, MOdena, RImini, BRIndisi, TAranto, CAgliari. Ukisema "geNOva" anaweza asikuelewe papo hapo. Kila neno jipya unaloliandika, piga mstari chini ya silabi yenye mkazo.

Wa tatu ni konsonanti mbili. Sete ni kiu, sette ni saba; nono ni wa tisa, nonno ni babu. Sikiliza ulimi wako unapotamka "nne": unagusa nyuma ya meno na kubaki pale kidogo kabla ya kuachia. Fanya hivyo hivyo katikati ya nonno, na irabu iliyotangulia iwe fupi. Anno (mwaka) lifanyie mazoezi hasa, maana n moja tu inalifanya kuwa jina la sehemu ya siri ya nyuma, na utalitumia kila ukitaja umri. Na ikiwa r na l hukuchanganya, mare ni bahari na male ni vibaya.

Halafu saa. Wanahesabu kuanzia usiku wa manane, na ratiba zote ni za saa 24. Alle otto ni saa mbili asubuhi. Treni ya 17:40 ni saa kumi na moja na dakika arobaini jioni. Anayetafsiri kichwani kila mara ndiye anayekosea akiwa amechoka. Weka simu yako kwenye mfumo wa saa 24 tangu leo, na ukiangalia saa useme kwa Kiitaliano tu: sono le diciassette e quaranta.

Kazi ya kila siku: chukua sekunde 30 za taarifa ya habari ya Rai, shirika la utangazaji la Italia (vipindi vyao vya redio viko RaiPlay Sound), sikiliza mara moja bila kuandika, kisha andika unachosikia ukisimamisha kila sentensi, kisha soma kwa sauti pamoja na mtangazaji. Mwanzoni utapata namba na majina ya miji tu, na hayo yanatosha kuanzia. Nusu saa kila siku ni bora kuliko saa nne za Jumapili.

Abiria wa Kusini

Mwalimu kamaliza lugha, mimi naingia barabarani.

Treni ni za namna mbili. Regionale (treni ya mikoa) haina namba ya kiti na bei yake haipandi ukichelewa kununua. Tiketi ya karatasi ya Regionale lazima uigonge kwenye kimashine kilichopo stesheni kabla ya kupanda. Ya kwenye simu inahitaji uithibitishe kabla ya kupanda. Tiketi uliyoilipia lakini hukuigonga inakupa faini, kwa sababu bila muhuri wa saa ungeweza kuitumia tena kesho. Frecciarossa, Intercity na Italo zina kiti na saa maalumu: tafuta carrozza (behewa) na posto (kiti). Hizi bei hupanda kadiri tarehe inavyokaribia. Italo ni kampuni nyingine, hivyo tiketi yake haifanyi kazi kwenye treni za Trenitalia, shirika la reli la taifa.

Mabango ya ratiba stesheni: la njano ni partenze (kuondoka), jeupe ni arrivi (kufika). Ukisoma jeupe utasubiri treni inayokuja, siyo unayoitaka. Binario ni njia ya kupandia, na hubadilishwa dakika za mwisho kwa tangazo, kwa hiyo sikio la namba alilolisema Mwalimu ndilo litakalokuokoa. Ukisikia in ritardo imechelewa. Soppresso au cancellato imefutwa.

Migomo (sciopero) hutangazwa mapema. Siku za kazi treni za mikoa zina muda wa lazima kutembea hata wakati wa mgomo: 6:00 hadi 9:00 na 18:00 hadi 21:00. Panga safari ndani ya saa hizo.

Kwenye mabasi ya vijijini neno linaloangusha wengi ni feriale. Linafanana na ferie, likizo, lakini maana yake ni siku za kazi, na Jumamosi imo. Festivo ndiyo Jumapili na sikukuu. Na ukiona scolastico, basi hilo hutembea siku za shule tu. Julai na Agosti utalisubiri mpaka giza. Tiketi nunua mapema kwenye duka lenye alama ya T (tabaccheria), maana dereva huenda asiuze, kisha uigonge ndani ya basi. Kituo kikiandikwa fermata a richiesta, nyoosha mkono ili lisimame, na ukiwa ndani bonyeza kitufe. Kama hujui unaposhuka, mwambie dereva: Mi può avvisare quando arriviamo a... utaje mahali.

Dharura yoyote piga 112. Kwa mwanamke anayesumbuliwa au kufuatwafuatwa kuna 1522, bure, saa 24.

Binti wa Mikindani

Nashukuru sana, nimenakili yote. Bado chakula na karatasi. Na mji je?

Mama Lishe, Lindi

Mwanangu, kwenye chakula usiulize tu kama kuna maiale (nguruwe), kwa sababu wengi hawaihesabu nyama iliyokatwa vipande vidogo ndani ya mchuzi. Yajue majina yenyewe: prosciutto, pancetta, guanciale, speck, na mortadella na salame kwa kawaida, zote ni nguruwe. Carbonara na amatriciana zina guanciale. Strutto ni mafuta ya nguruwe, na ndiyo yaliyojificha zaidi: piadina ya Romagna kwa asili hukandwa nayo, na mikate mingine pia. Uliza: C'è lo strutto nell'impasto? Yaani unga umekandwa na mafuta hayo? Kwenye pakiti tafuta neno suino au suina, hasa kwenye peremende zenye gelatina. Kwa pombe: C'è vino o liquore? Risotto nyingi hutiwa divai, na tiramisù huweza kuwa na marsala au ramu.

Sokoni na dukani vitu vya kukata huuzwa kwa etto, gramu 100. Due etti ni gramu 200. Bei ikiandikwa kwa etto, zidisha kwa kumi ndipo upate ya kilo, usije ukadhani jibini ni rahisi. Matunda ya sokoni usiyaminye kwa mkono kama tunavyopima embe, mwambie muuzaji. Supamaketi unavaa glavu ya plastiki, unaweka kwenye mizani, unabonyeza namba ya tunda, stika inatoka. Ukifika kwa keshia bila stika, unarudishwa nyuma na foleni inakusubiri.

Kwenye baa (kule baa ni mahali pa kahawa) angalia wengine: sehemu nyingi, hasa stesheni, unalipa kwanza cassa (kwa keshia), unapewa scontrino (risiti), ndipo unaipeleka kaunta. Kusimama kaunta ni rahisi kuliko kukaa mezani.

Mdau wa Shangani

Mji kwanza. Epuka katikati ya Venezia na Firenze kwa miezi ya mwanzo: wahudumu wamezoea watalii na wanakujibu Kiingereza. Vijiji vingi vya Alto Adige, kaskazini, wanazungumza Kijerumani. Perugia na Siena ni miji ya kiasi yenye vyuo vikuu vya kufundisha wageni Kiitaliano, na vyeti vyao, CELI cha Perugia na CILS cha Siena, vinatambulika. Ukishapata kibali cha kukaa, uliza pia CPIA, vituo vya serikali vya elimu ya watu wazima. Gharama yake ni ndogo sana. Agosti sehemu nyingi hufungwa, hasa kuzunguka tarehe 15, Ferragosto, hivyo usipange kufika wiki hiyo.

Karatasi. Viza inaombwa Dar es Salaam na alama za vidole hutolewa ana kwa ana. Kama miadi ni ya masika, ondoka siku kadhaa kabla. Barabara yetu ya kwenda Dar ilikatika Somanga mwaka 2024 na ubalozi hauijui Somanga. Kozi ya zaidi ya siku 90 inahitaji viza ya aina D, na ukifika una siku 8 za kazi kuomba permesso di soggiorno, yaani kibali cha kukaa. Chukua bahasha ya fomu (kit) posta yenye dirisha la Sportello Amico, nunua marca da bollo (stempu ya ushuru) ya euro 16 tabaccheria, peleka nakala za pasipoti, usifunge bahasha kabla ya kuonyesha. Utapewa ricevuta (stakabadhi) na tarehe ya kwenda Questura (makao ya polisi) kuchukuliwa alama za vidole. Hiyo ricevuta tembea nayo pamoja na pasipoti, kwa sababu polisi huomba kibali, hata ndani ya treni. Viza ya D ikiisha na kadi haijatoka, usivuke kwenda Ufaransa au Uswisi. Ricevuta peke yake haikuruhusu kuzunguka nchi nyingine za Schengen.

Mwalimu wa Masasi

Naongeza moja linalohusu adabu. Mtu ambaye hapa ungemwamkia shikamoo, na mtu mzima yeyote usiyemjua dukani au ofisini, mpe Lei, ambayo hutumia kitenzi cha "yeye": Mi può aiutare? Scusi. Rafiki na mwanafunzi mwenzio ni tu: Mi puoi aiutare? Scusa. Ciao usimpe mzee usiyemjua. Buongiorno asubuhi, buonasera kuanzia alasiri.

Na watu watakuuliza unatoka wapi, kila siku. Andaa jibu refu ili mazungumzo yasifie hapo: Vengo da Mtwara, nel sud della Tanzania, vicino al confine con il Mozambico. Dalle mie parti si coltivano gli anacardi. Anacardi ni korosho. Wengi watauliza zinavyoota, kwa hiyo jifunze pia mela (hapa ni bibo, siyo tofaa), guscio (ganda) na tostare (kukaanga bila mafuta), ili uweze kueleza bibo linavyoning'inia na korosho chini yake.