Naomba ushauri: natofautishaje familia hizi za buibui?

Wadau, habari zenu. Nimeanza kuorodhesha familia za buibui wa eneo langu, na kusema kweli kichwa kinauma. Duniani zipo familia zaidi ya 120, ila mimi hata kumi zinanishinda.

Wale warukaji (Salticidae) hawanisumbui: macho mawili ya mbele makubwa kama taa za gari, na ukimsogelea anageuka kukutazama. Shida ni familia mbili, Lycosidae (buibui mbwamwitu) na Pisauridae. Wote wa kahawia, wote wanakimbia. Jike akiwa na mfuko wa mayai namjua, maana Lycosidae huuburuta nyuma ya tumbo na Pisauridae huubeba mdomoni. Sasa asipokuwa nao? Nimesoma kwamba Lycosidae ana macho manne madogo mbele, mawili makubwa juu yake, kisha mawili nyuma. Kwa lenzi ya mkononi naona vinukta tu, tena mwenyewe hatulii!

Mnaozoea kazi hii, mnampigaje picha ya uso akiwa hai? Au hakuna namna, lazima niwahifadhi kwenye spiriti? Kuwaua kwa ajili ya jina tu naona uzito. Na buibui wachanga je, mnawaandika kwenye orodha au mnawaacha?