Mtu akikuandikia "niaje" peke yake, wewe humjibu vipi?

MuuzaDawa_Malindi

Hamjambo wenzangu. Mimi nauza dawa hapa Malindi mjini, mchana wote niko na foleni ya watu wa kikohozi. Usiku nikishafunga duka ndipo nafungua ile programu ya kutafuta mchumba, nakuta nini? "Niaje." "Hae." "Sasa mrembo." Mmoja alituma alama ya kuuliza tu, basi.

Na si kwamba profaili yangu iko tupu. Nimeandika kuwa napika pweza wa nazi, kuwa sijui kuogelea ingawa nimezaliwa Shella (ya Malindi, watu wa Lamu msianze), na kuwa nina ugomvi wa kudumu na kunguru mmoja wa uani kwetu. Mtu akitaka la kuuliza, hapo hakosi. Lakini wapi!

Kunyamaza siwezi, na kutukana watu sikulelewa hivyo. Kwa hiyo huwajibu kikazi. Akiandika "niaje", namwandikia: "Salamu imepokelewa, ila dozi haijatimia. Rudia moja mara tatu kwa siku, baada ya chakula, na uimalize hata ukijiona una nafuu." Wengi hupotea papo hapo. Wachache hucheka. Kuna mmoja aliniuliza kama nina dawa ya fangasi, na hakuwa anatania. Nikamwelekeza dukani.

Mwingine wa Mombasa alikuwa akituma "Hae", akikaa siku mbili anatuma "Hae" tena. Nikamjibu: "Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa kwa mfalme wa Uchina, mzima, kavushwa bahari yote ile. Wewe uko kilomita 120 kwa lami na umeniletea herufi tatu." Akauliza, "Twiga gani?" Nikamweleza kisa chote, vidole vikauma. Akajibu "Ok".

Sasa naomba mnisaidie. Nyinyi huwajibu vipi watu hawa bila kuonekana mwajidai? Na mzaha wenyewe uishie wapi? Dada yangu mkubwa asema nawafukuza wanaume wazuri wenye haya.

BintiAmu

Shoga, hilo la twiga nimecheka mpaka watu wa barazani wakaniuliza kulikoni.

Mimi hapa Lamu huwategea vitendawili. Mtu akiniandikia "mambo", namjibu neno moja tu: "Kitendawili!" Mwenye akili atajua la kusema: "Tega." Hapo ushajua ana bibi aliyemlea. Asiyejua hata hilo huandika "Unasemaje?" nami namwacha na usingizi wake. Akishindwa kutegua lazima anipe mji, kama tulivyocheza utotoni. Mmoja alinipa Mtwapa. Nikamwambia nimefika Mtwapa, muziki kila mahali, sikulala, nipe mji mwingine. Tukaongea wiki nzima.

Ila chagua kitendawili chako vizuri. Kuna bwana nilimtegea kile cha "hausimiki, hausimami". Kimya. Halafu akaja juu: "Nani amekwambia hayo?" Mkufu, jamani! Jibu ni mkufu!

Na usiogope kuambiwa wajidai. Huku pwani watu wamejibizana tangu zamani. Kabla ya vita vya Shela (Shela yetu ya Lamu) washairi wa Mombasa na wa Amu, yaani Lamu, walichokozana kwa mashairi, mshairi Muyaka akiwa upande wa Mombasa, na kila upande ukarudisha. Walikuwa maadui na bado walitafutana kwa vina na mizani. Huyu anayetaka kukuoa anashindwa na sentensi?

BotiNaKusi

Dada, niruhusu niwatetee wanaume kidogo. Kazi yangu ni kutembeza wageni kwa boti pale kwenye hifadhi ya bahari. Kusi ikivuma bahari inachafuka, wageni hakuna, nashinda na simu. Nilipoanza nilikuwa naandika ujumbe wa maana: nasoma profaili, naangalia picha, nauliza jambo. Asiyejibu hajibu, umwandikie aya au neno. Ukishanyamaziwa sana unachoka, na yule anayefuata anapata "niaje" bila kosa lolote. Si dharau.

Hiyo alama ya kuuliza peke yake lakini, huyo simtetei.

Ushauri wangu ni mmoja: mpime mtu kwa ujumbe wa pili. Ule wa kwanza ni kupima kama nyumba ina watu. Ukimtania akarudi na lolote lenye uhai, hata kama ni fupi, huyo mpe nafasi. Lile la dozi ni zuri kwa sababu limemwachia mlango, anaweza kujibu "daktari, nimesahau ya mchana". Lile la twiga limekaa kama mtihani wa historia. Mimi mwenyewe ningekimbia.

MuuzaDawa_Malindi

Haya, la ujumbe wa pili nimelichukua. La twiga sitaliacha, samahani. Mtu wa pwani asiyetaka kusikia habari za twiga tutaongea nini miaka thelathini?

Halafu jana nimemkumbusha dada yangu kwamba shemeji alimpata kwa ujumbe wa "mambo" kwenye simu ya mulika mwizi. Amenikatia simu.

MamaWaBarani

Mabinti, mimi nimeachika na kwenye hizo programu nimekaa kuliko nyinyi, nisikilizeni. Mwenye "niaje" hajawahi kunila hata shilingi. Niliyemwogopa ni yule wa maneno matamu: aya ndefu usiku wa kwanza, mimi ni malaika, mimi ni lulu, simu ya video kila siku ina hitilafu, kisha mama yake analazwa na mimi niitwe mkwe wa kusaidia bili. Kwa hiyo mkicheza, chezeni na wavivu. Hao wengine msiwajibu hata kwa mzaha.

Na mzaha uishie pale anapoanza matusi au kudai picha. Usimtafutie jibu la kuchekesha. Mbloki, mripoti kwenye programu, ulale.

Jambo jingine, kama mnatumia Bumble: zamani pale mwanamke ndiye aliyelazimika kuanza kumwandikia mwanamume, lakini tangu 2024 unaweza kuweka swali lako likawangoja, wao wajibu hilo. Mimi nimeweka: "Mbaazi za nazi, kwa mahamri au kwa chapati, na kwa nini?" Niaje zimepungua sana. Kuna mmoja aliandika kwa wali, nikaona huyu naye ana misimamo.

BintiAmu

Mbaazi kwa wali si vibaya, mama.

MamaWaBarani

Asubuhi?

MuuzaDawa_Malindi

Nimerudi na habari. Leo kaja wa Kilifi na "Sasa" yake. Sikumpa dozi, nikafuata njia ya BintiAmu: "Kitendawili!" Akajibu "Tega" kabla sijamaliza kumhudumia mteja. Nikamtegea chepesi, kuku wangu katagia miibani. Akasema nanasi. Halafu akasema sasa ni zamu yake: "Wazungu wawili wanachungulia dirishani."

Mimi wa Malindi, nilivyozungukwa na Waitaliano, nikaanza kuhesabu hoteli. Nikasema watalii. Akakataa. Nikasema pazia, akakataa. Ikabidi nitoe mji, nikampa Watamu. Akafika Watamu, akaniambia amekula kaa, amelala vizuri, na jibu ni makamasi.

Makamasi! Na mimi nimeuza dawa ya mafua tangu saa mbili asubuhi. Ameniambia kesho ana kingine, nami natafuta kigumu cha kumrudishia. Mwenye nacho aandike hapa, na jibu lake mnitumie faraghani, maana nahisi na yeye anasoma huku.