Fundi kaniziba matundu ya hewa uvunguni, nyumba inaoza, na bado anadai salio!

Wakuu, poleni na majukumu. Naandika nikiwa barazani maana ndani hakukaliki, nyumba nzima inanuka kama gunia la korosho lililolowa.

Nipo Lindi mjini, kwenye nyumba ya marehemu babu, zile za kizamani: sakafu ya mbao imebebwa na nguzo za mawe, chini kuna uvungu wa kuingia kwa kutambaa. Mwezi wa pili mvua ilipiga siku tatu mfululizo, maji yanayoshuka kutoka Mtanda yakaishia kwangu. Uvungu ukajaa mpaka karibu na boriti.

Nikaletewa fundi anayesifiwa kila kijiwe. Akaja na pampu, akavuta maji nusu siku, hapo sina neno. Kesho yake natoka kazini nakuta matundu yote manne ya hewa kwenye msingi yamezibwa kwa tofali na saruji, na ukuta wa uvunguni umepakwa rangi ya kuzuia maji, nyeusi tii.

"Fundi, mbona umeziba?"

"Bosi, ili maji yasiingie tena."

Na chini bado ni tope, mguu unazama! Hiyo ni sawa na kufunika sufuria inayochemka halafu ushangae mfuniko kulowa. Kama nia ilikuwa kuzuia maji, angechimba mfereji nyuma ya nyumba uyageuze huko huko juu.

Mbao ikibaki mbichi siku moja au mbili, ukungu umeshaanza. Mimi bwege nimekaa wiki tatu, mpaka mama (ana pumu) alipoanza kukohoa usiku kucha. Nikang'oa ubao mmoja chini ya kitanda chake. Upande wa chini una manyoya meupe, kandokando madoa ya kijani yanayoelekea weusi. Boriti niliibonyeza kwa kidole, kikazama kama kwenye muhogo uliooza.

Nikamwita fundi. Tiba yake? "Tupulizie jiki, bosi." Jiki inafuta doa la juu tu. Ukungu umeshazama ndani ya mbao, na yale maji yake ndiyo unazidi kuunywesha.

Sasa nafanya mwenyewe. Matundu nimeyavunja, tope nimelikomba kwa ndoo (barakoa usoni, msijaribu bila), rangi nimeikwangua, feni moja inaingiza hewa upande huu, nyingine inaitoa upande wa pili. Nailoni ya kutandika juu ya udongo ipo, ila haitandikwi mpaka pakauke. Kila jioni nabandika kipande cha nailoni ukutani, nakigandisha kwa gundi pande zote nne. Asubuhi nikikuta matone upande wa ndani, ukuta bado unatoa maji. Leo siku ya 11, matone yapo.

Kusi likianza kuvuma huenda likanisaidia, lakini boriti mbili hizo za kutupa.

Asubuhi hii fundi kanitumia meseji: "Bosi usinisahau ile elfu themanini." Nimemrushia picha ya boriti. Kaiona, tiki za bluu, kimya mpaka sasa.

Mwenye kumjua seremala wa kubadilisha boriti, Lindi au hata Mtwara, asiye na haraka ya kupaka rangi, anicheki pembeni.