Akses pointi ya banda la nyuma inazima na kuwaka kila usiku, shida waya au umeme?

gesti_pwani: Wakuu habari zenu, naomba msaada nimechoka kweli. Nasimamia gesti ndogo hapa Bagamoyo, tuna akses pointi tatu za kurusha Wi-Fi, zote zinakula umeme kwa waya wa neti kutoka swichi moja ya PoE, yaani kile kiboksi kinachogawa neti na umeme kwa waya mmoja. Mbili za mbele hazina shida ila ya banda la nyuma mchana kutwa iko poa, ikifika saa mbili usiku wageni wamerudi ndo inaanza, taa inazima, inawaka, inahangaika dakika mbili tatu inarudi, halafu tena. Juzi kuna mama alikuwa anaongea na mwanae kwa video ikakatika mara nne, iliniuma sana. Nimefunga akses pointi mpya kabisa, yale yale. Fundi anasema ninunue ya bei zaidi yenye nguvu. Kutoka kwenye swichi mpaka kule ni kama mita 80, waya umepita juu ya dari halafu kipande nje ukutani.

mzee_wa_soketi: Saa mbili usiku ndo umeme unashuka mitaa mingi mkuu, weka UPS kwanza, ile betri ya kushikilia umeme.

gesti_pwani: UPS ipo mkuu, na zile mbili za mbele ziko swichi hiyo hiyo na hazizimi.

waya_nane: Basi umeme wa nyumba toa, na swichi kwa kiasi kikubwa toa. Akses pointi umeshabadilisha, kilichobaki ni waya na vichwa vyake. Usinunue hiyo yenye nguvu aisee, itataka wati nyingi zaidi kupitia waya ule ule na hali itakuwa mbaya kuliko sasa.

Iko hivi. PoE ya kawaida, ile ya 802.3af, swichi inatoa mpaka wati 15.4 ila kifaa kinahesabiwa kupata 12.95 tu, nyingine inapotelea njiani kwenye waya. Hiyo ni kwa waya wa shaba tupu usiozidi mita 100. Sasa madukani umejaa waya wa alumini uliopakwa shaba juu, bei rahisi, na huo unapoteza umeme zaidi sana. Mchana akses pointi haina kazi inakula kidogo, inatosha. Usiku simu ishirini zinavuta video, redio zinafanya kazi zote, inataka wati zaidi, volti inashuka upande wa mwisho, inazima. Ndo maana kuona taa inawaka sio ushahidi kwamba umeme unatosha.

Fanya hivi, ing'oe iletee karibu na swichi, tumia waya mfupi wa mita moja, iache usiku mzima na wageni waunganishe. Isipozima mchawi ni waya. Halafu kata kipande kidogo cha waya ukwangue kwa kisu, ndani kukiwa kweupe ni alumini. Na ingia kwenye swichi uangalie hiyo poti imeungana kwa kasi ya Mbps 100 au 1000, maana 1000 inataka nyaya zote nane za ndani, 100 inatosheka na nne, kwa hiyo ukikuta 100 huenda kuna waya wa ndani umekatika au kichwa kimeoza.

kijana_wa_neti: Mimi nina injekta ya volti 24, kile kiboksi cha kuingiza umeme kwenye waya wa neti, imekaa bure, si ajaribu hiyo?

waya_nane: Hapana, asome kwanza kibandiko nyuma ya kifaa. PoE ya 802.3af inakiuliza kifaa kwanza kama kinataka umeme kabla ya kuutoa, hizo injekta nyingi za 24 zinamwaga tu bila kuuliza, kifaa kinachotaka volti 48 hakitawaka na kisichotaka PoE kabisa kinaweza kuungua.

gesti_pwani: Mrejesho wakuu. Karibu na swichi imekaa usiku kucha haijazima hata mara moja. Nimekwangua waya, juu nyekundu ndani nyeupe pee. Kichwa cha kule banda kilikuwa kimeota kutu ya kijani kwenye zile pini, chumvi ya bahari hiyo, na poti ilikuwa inasoma 100. Nimevuta waya mpya wa shaba, ule mweusi wa nje, vichwa vipya pande zote mbili kwa mpangilio mmoja: mweupe-chungwa, chungwa, mweupe-kijani, bluu, mweupe-bluu, kijani, mweupe-kahawia, kahawia. Sasa inasoma 1000, leo usiku wa tatu haijakatika. Asante sana waya_nane, Mungu akubariki. Ila zile mbili za mbele waya ulitoka roli hilo hilo, nibadilishe?

waya_nane: Mita ngapi?

gesti_pwani: Moja 15, nyingine kama 20.

waya_nane: Hizo ni fupi, zinapoteza kidogo. Kagua vichwa wiki hii, waya ubadilishe ukipata hela, anza na ule wa mita 20.