Mrejesho: ganzi ya vidole kwenye shavasana

Niliuliza kwa nini vidole vinakufa ganzi nikishika gyana mudra (mkao wa vidole wa yoga) katika shavasana, yaani pozi la yoga la kulala chali na kutulia. Asanteni sana, limeeleweka.

Mudra hii ni ya kukaa: ncha ya kidole gumba na ya kidole cha shahada ziguse kwa wepesi, kama zimeshika punje ya mchele. Ukilala nayo, misuli ya kigasha inabaki imekaza. Kaa nayo dakika 5, iachie, ndipo ulale chali dakika 10, viganja juu.

Ganzi ikiwa kidole cha mwisho na cha pete, huenda mshipa wa fahamu umebanwa kiwikoni, hasa kwenye sakafu ngumu. Kunja kanga mara nne, weka chini ya kiwiko. Ikiwa gumba na shahada, nyoosha kifundo cha mkono.