Kufundisha watoto habari za Waazteki: vifaa vya bure

Ndugu wanajumuiya, nawasalimu. Muhula ujao nitafundisha habari za Waazteki, watu waliotawala Meksiko ya kati kabla ya Wahispania kuwashinda, katika shule ya msingi hapa Birmingham, kwa watoto wa miaka 8 na 9, na shule haina fedha za kununulia vifaa. Mwenye uzoefu naomba anielekeze.

*

Dada Mwalimu, salaam. Kwanza hakikisha kwamba shule haikukusudia Wamaya, watu wengine wa kale wa Amerika ya Kati, kwa sababu mtaala wa taifa wa England unawataja Wamaya wa mnamo mwaka 900 pamoja na Baghdad na ufalme wa kale wa Benin, wala hauwataji Waazteki, ingawa ziko shule zinazowafundisha kwa uamuzi wake.

Ikiwa ni Waazteki kweli, ningeanza na Codex Mendoza, kitabu cha michoro kilichotengenezwa yapata miongo miwili baada ya mji wao wa Tenochtitlan kuangukia mikononi mwa Wahispania tarehe 13 Agosti 1521, na ambacho sasa kimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford. INAH, taasisi ya taifa ya Meksiko ya mambo ya kale na historia, ilikiweka chote mtandaoni bila malipo mwaka 2015, pamoja na maelezo ya Kiingereza. Kurasa za malezi ndizo zenye utajiri: kila mtoto amechorewa vitone vya rangi ya feruzi vinavyohesabu umri wake, na mbele yake zimewekwa tortila, yaani chapati za mahindi, za mlo wake, nusu kwa mtoto wa miaka 3, moja kwa wa miaka 4 na 5, moja na nusu tangu miaka 6 hadi 12, kisha mbili. Mvulana wa miaka 4 anachota maji. Msichana wa miaka 13 anasaga mahindi. Hata hivyo, kuanzia miaka 8 hadi 11 zinaonekana adhabu za miiba na za moshi wa pilipili, kwa hiyo zipitie mwenyewe kabla ya kuwaonyesha wanafunzi wa umri huohuo.

Kwa hesabu, wafundishe tarakimu zao zilizokwenda kwa makundi ya 20: bendera ni 20, unyoya ni 400, na mfuko ni 8,000.

Tovuti ya Mexicolore ya London ina makala za wataalamu na majibu ya maswali ya watoto. British Museum haina kiingilio, na humo yumo nyoka wa vichwa viwili aliyenakshiwa kwa vipande vya feruzi.

Kafara ya binadamu waliyoitoa Waazteki usiifiche, lakini nakusihi isiwe mlango wa somo. Sisi tunaoona Afrika ikifundishwa kwa picha moja tunajua uchungu wake. Wanaozungumza Kinahuatl, lugha ya Waazteki, leo Meksiko ni zaidi ya milioni moja, na bustani za chinampa, zilizojengwa ndani ya maji, bado zinalimwa Xochimilco, katika Jiji la Meksiko.

*

Ahsante sana, kaka. Je, tortila naweza kuzipika darasani kwa unga wa ugali?

*

Hautashikamana, dada. Mahindi ya tortila huchemshwa na kulowekwa katika maji ya chokaa kabla ya kusagwa, na hilo ndilo linaloufanya unga ukandike. Tafuta unga uitwao masa harina katika maduka ya vyakula vya Meksiko, na uwaulize wazazi mapema kuhusu mizio ya vyakula.